Kilio cha Mwea Kilikuwa na Maneno Gani?

Tarehe 19 Aprili 2024 Martin Kanja, Mkenya ajulikanaye jukwaani kama Lord Spikeheart, alitoa albamu yake ya kwanza ya peke yake, The Adept, chini ya Haekalu, lebo aliyoianzisha mwenyewe. Ni roki ya metali iliyovunjwavunjwa makusudi. Gita la umeme limekwaruzwa kwa kompyuta, midundo ya tekno na rapu imepandishwa kasi, na juu ya yote kuna sauti ya binadamu inayonguruma na kupasua zaidi ya inavyoimba. Kanja anajitambulisha kuwa kitukuu cha Muthoni wa Kirima, mwanamke wa pekee aliyefikia cheo cha Fildi Mashali katika jeshi la Mau Mau, na kazi hii aliitoa kwa heshima ya mama huyo, aliyefariki Septemba 2023.

Upande wa mashariki wa Mlima Kenya, kuanzia Embu mjini, kupita Chuka, hadi Maua, maoni yanayotawala kuhusu muziki wa aina hii yanajulikana hata kabla mtu hajaulizwa. Ni kelele. Ni mambo ya Wazungu. Ni ya shetani. Sisi tuna ngoma za Chuka, tuna mugithi, tuna nyimbo za injili, basi huyu anatuletea nini? Wasomi huongeza hoja moja yenye heshima zaidi: ikiwa albamu hiyo ina siasa, siasa yenyewe iko wapi, na maneno hayashikiki? Mwenye ujumbe huutamka ukaeleweka. Anayepiga mayowe tu hana la kusema, na kulitia jina la Mau Mau katika mayowe hayo ni kuwakosea wazee waliokufa.

Hoja hii ya mwisho hurudiwa na walimu, watangazaji na viongozi wa makanisa, watu ambao hawasemi ovyo. Ndiyo maana inastahili kujibiwa kwa kirefu. Nayo ni hoja potofu, tena upotofu wake haudhihiriki popote kama unavyodhihirika Embu.

Mwaka 1957 Mwea ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Embu. Kirinyaga ilikuwa bado haijawa wilaya yake yenyewe, na katika tambarare ile kulikuwa na kambi tano za kizuizini: Thiba, Gathigiriri, Kandongu, Mwea na Karaba. Karaba mpaka leo iko ndani ya Kaunti ya Embu, upande wa Mbeere. Aliyekabidhiwa kambi hizo ni ofisa wa kikoloni aliyeitwa Terence Gavaghan, na kazi yake ilikuwa kuwavunja wafungwa wa Mau Mau walioshindikana katika kambi ya Manyani na kwingineko. Walipofikishwa Mwea waliamriwa wavue nguo zao, wavae za kambi, wanyolewe vichwa. Aliyekataa alipigwa mpaka akubali, au mpaka asiweze tena kukataa.

Juni mwaka huo Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, alikwenda kujionea shughuli hiyo, kisha akamwandikia Gavana Evelyn Baring maelezo ya alichokiona. Barua zake zilikaa mafichoni kwa miongo mingi. Nyaraka za aina hiyo zilizokuwa zimefungiwa Hanslope Park nchini Uingereza zilijulikana hadharani mwaka 2011, wakati wa kesi ya wazee wa Mau Mau dhidi ya serikali ya Uingereza jijini London. Katika maelezo hayo kuna jambo ambalo kila anayebisha kuhusu muziki usio na maneno angepaswa kulisoma. Mwanasheria huyo, akifuata maelezo aliyopewa na Gavaghan, anaeleza kwamba mfungwa mkaidi, akivalishwa nguo za kambi kwa nguvu, alitoa kilio fulani kilichozoeleka miongoni mwa Mau Mau, na kilio hicho kilipokewa mara moja na kambi nzima. Mwenyewe anakitaja kuwa ukaidi wa pamoja dhidi ya wakuu wa kambi. Ndiyo maana, anaendelea, aliyekianzisha alilazwa chini papo hapo, akakanyagwa kooni na kushindiliwa matope kinywani. Aliyekuwa bado hajavunjika alipigwa hadi akazimia.

Kilio hicho hakikuwa na neno hata moja.

Hakikuwa na madai, hakikutaja ardhi wala uhuru wala jina la kiongozi wao Kimathi. Hata hivyo Mwanasheria Mkuu, mtu aliyesomea maneno na kuishi kwa maneno, alikielewa barabara. Alijua kwamba koo moja likilia na mengine mia yakiitikia, hapo kuna mkutano wa hadhara ambao hakuna sheria ya hali ya hatari iliyoweza kuuzuia. Hakuna serikali inayomshindilia mtu matope kinywani kwa sababu ya kelele tupu. Yalitumika matope kwa kuwa kilio kilikuwa kinasema, na kilikuwa kinasikika.

Katika mawasiliano yaleyale Griffith-Jones aliandika sentensi ambayo wanahistoria wameinukuu sana tangu wakati huo, kwamba kama ni kutenda dhambi, basi itendwe kimyakimya. Ukimya ulikuwa sera. Mpango mzima wa Mwea ulihitaji ukimya: ukimya wa wafungwa, wa wabunge London, wa majarida. Na mpango huo ulipopelekwa kambi ya Hola, tarehe 3 Machi 1959 watu 11 walipigwa na walinzi hadi wakafa, na taarifa ya kwanza ya serikali ikadai vifo hivyo vilihusiana na maji waliyokunywa.

Sasa arudi mtu aseme kwamba sauti isiyo na maneno haiwezi kuwa siasa. Aseme hivyo akiwa Embu, akila pishori ya Mwea iliyoota katika mashamba yaliyochimbiwa mifereji na wafungwa haohao. Magari yote ya kutoka Nairobi kwenda Embu, Chuka na Meru kwa njia ya Makutano hupita kando ya mashamba yale, na abiria huteremka Wang'uru kununua mchele. Historia hii haiko mbali, na haikufanyika kwa wengine.

Ukiisikiliza The Adept ukiwa unayajua haya, jambo la kwanza linalokushika ni koo. Kanja hatumii koo kupiga mayowe ovyo, kama wasiomsikiliza wanavyodhani. Ana sauti kadhaa na anazipanga. Iko ya juu, kali, kama chuma kinachokwaruza chuma. Iko ya chini, nzito, inayosukumwa kwa pumzi ya tumboni hadi maneno yanasagika. Kisha iko ya mtu anayesema haraka karibu na sikio lako, kama mwenye haraka ya kumaliza kabla mlango haujafunguliwa. Anahama kutoka moja hadi nyingine katika pumzi moja, na mashine nyuma yake haimsubiri. Wageni aliowaalika, akiwemo Backxwash, rapa mzaliwa wa Zambia aishiye Kanada, hawaletwi kupamba. Wanaitikia. Ndiyo kazi ya wageni katika albamu hii: mmoja analia, wengine wanapokea.

Haikuwa mara yake ya kwanza. Mwaka 2020, akiwa na mpiga gita Sam Karugu katika kundi la Duma, alitoa albamu iliyobeba jina hilo kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, na sifa zake zikavuka bara. Lakini Duma ilikuwa giza la jumla, hasira isiyotaja mtu. The Adept imeifunga hasira hiyo kwenye jina la Muthoni, na hapo ndipo ilipoipita.

Kuhusu ugeni wa roki, jibu ni fupi kwa sababu historia imekwisha kulitoa. Kabla ya hali ya hatari ya Oktoba 1952, silaha ya muziki iliyowatisha wakoloni zaidi ilikuwa vitabu vya nyimbo za Mau Mau, na nyingi ya nyimbo hizo ziliimbwa kwa sauti za tenzi za misheni. Sauti za Waskoti na Waingereza ndizo zilizobeba maneno ya kudai ardhi. Louis Leakey, aliyekuwa akikisikia Kigikuyu tangu utotoni, aliandika mwaka 1954 kwamba Mzungu aliyepita karibu na mkutano angeweza kudhani amesikia ibada ya Kikristo. Hakuna mzee hata mmoja leo anayesema nyimbo zile hazikuwa zetu kwa sababu sauti zake zilitoka Edinburgh. Gita la umeme halina dhambi kubwa kuliko tenzi za rohoni. Tena mugithi wenyewe, unaotajwa kama ngao dhidi ya mambo ya Wazungu, hupigwa kwa gita.

Kuhusu shetani, historia ni ileile. Mwaka 1929 misheni ya Kanisa la Skoti iliwataka waumini wake waape kuachana na tohara ya wasichana. Kituo chake cha Chogoria, upande huuhuu wa mlima, kilipoteza sehemu kubwa ya waumini wake. Katika mtafaruku huo ukaenea Ugikuyuni wimbo wa ngoma ulioitwa Muthirigu, na mapema mwaka 1930 serikali ikaupiga marufuku. Wamisionari walisema ni uchafu. Maofisa walisema ni uchochezi. Jambo lililotetewa na wimbo ule halifai kutetewa leo, na kuachana nalo kumeokoa wasichana wengi. Lakini namna ya kuuhukumu wimbo ndiyo inayofaa kutazamwa. Muziki uliowakera wenye nguvu uliitwa uchafu kwanza, ili usijadiliwe kama siasa.

Mtindo huo haukuondoka na mkoloni. Rais Daniel arap Moi aliteua mwaka 1994 tume ya kuchunguza ibada za shetani, wakati uleule ambapo nchi ilikuwa inadai majibu kuhusu mauaji ya kikabila, ufisadi na uchumi uliozama. Nchini Uganda nako, Septemba 2022, aliyekuwa Spika wa Bunge wakati huo, Anita Among, aliagiza tamasha la Nyege Nyege la Jinja lisimamishwe kwa hoja ya maadili, kabla ya agizo hilo kulegezwa na tamasha kufanyika. Anayeiita The Adept ya shetani bila kuisikiliza anajiunga na safu ndefu, na waliomtangulia humo hawakuwa marafiki wa watu wa mlima huu.

Wapo pia wanaosema kwa sauti ya chini kwamba hayo ya Muthoni ni ya Nyeri, ni ya Wagikuyu, na Meru na Embu zina mambo yao. Dai hili linasikitisha kuliko yote. Musa Mwariama, aliyetoka msituni Desemba 1963 akiwa Fildi Mashali, alikuwa wa Meru. Baimungi Marete, aliyeona kwamba uhuru uliotolewa haukuwa ule alioupigania, alikuwa wa Meru, na aliuawa mwaka 1965 na vikosi vya serikali huru. Jenerali Kubukubu alikuwa wa Embu. Chuka, mwezi Juni 1953, ilishuhudia raia wapatao 20 wakiuawa na askari wa King's African Rifles, wengi wao wakiwa walinzi wa vijiji waliokuwa upande wa serikali yenyewe. Ofisa wao, Gerald Griffiths, alifungwa baadaye kwa makosa ya ukatili, lakini kwa mauaji hayo ya Chuka hakuna aliyehukumiwa kwa kosa la kuua.

Na miongoni mwa wazee waliosimama mbele ya Mahakama Kuu ya London alikuwamo Jane Muthoni Mara, aliyeteswa akiwa msichana katika kambi ya Gatithi, iliyokuwa wakati huo katika Wilaya ya Embu. Bila ujasiri wake na wenzake, serikali ya Uingereza isingekubali mwezi Juni 2013 kulipa pauni milioni 19.9 kwa wazee 5,228 na kukiri kwamba mateso yalitendeka. Mwanamke huyo alilazimika kuyasema hadharani, uzeeni, mambo ambayo mwanamke wa umri wake hayasemi. Damu hii ya historia haina mpaka pale mto Thuci, kati ya Embu na Chuka.

Kumbukumbu rasmi za mambo haya zimefanyika kwa heshima na gwaride. Sherehe za Madaraka za mwaka 2018 zilifanyika Kinoru, Meru, na zile za 2023 zikafanyika Embu. Ndege za kijeshi zilipita, kwaya ziliimba, viongozi wakawataja mashujaa. Hakuna ubaya katika hilo. Ubaya ni kudhani kwamba hiyo ndiyo sauti pekee inayowafaa mashujaa hao: sauti iliyonyooshwa, yenye sare, isiyomkera aliyekaa jukwaani. Muthoni wa Kirima alikaa na nywele zake za msituni hadi Aprili 2022, zilipokatwa na Mama Ngina Kenyatta mbele ya watu. Wafungwa wa Mwea walinyolewa zao kwa nguvu siku ya kwanza. Mwanamke aliyezibeba nywele hizo kwa takriban miaka 70 kama dai lisilolipwa hawezi kuwakilishwa na kwaya peke yake.

Inabaki hoja moja nzito, na si haki kuikwepa. Inasema hivi: wafungwa wa Mwea walilia kwa sababu walikuwa wanapigwa, Kanja analia jukwaani Ulaya, mbele ya vijana walionunua tiketi, kisha anarudi hotelini. Kilio cha kwanza kilikuwa cha lazima, cha pili ni cha kulipwa. Je, si kuuza mateso ya wazee?

Ni kweli kwamba wasikilizaji wake wengi wako mbali. Lakini vitabu vya nyimbo za Mau Mau vilikuwa vikiuzwa vilevile, na fedha zake hazikuwahi kuyaondolea maana maneno yake. Kinachoamua ni nani anayemiliki sauti. Msanii wa Kenya anayekwenda kwa lebo kubwa ya nje hukabidhi nyimbo zake na kuachiwa mgao. Kanja ameanzisha lebo yake, na jina la Muthoni halimo mikononi mwa kampuni ya kigeni. Kuhusu umbali wa wasikilizaji, swali liulizwe upande wa pili. Ni ukumbi gani wa umma Embu au Meru ambao kijana mwenye gita la umeme na kipaza sauti kibovu anaruhusiwa kujaribu kitu ambacho hakina harusi, kampeni wala krusedi ndani yake? Kaunti zikishindwa kumpa jukwaa, haziwezi kumlaumu kwa kulipata Berlin.

Wanaosema siasa ya muziki wa mlima iko kwa Joseph Kamaru wana haki ya kumtaja. Kamaru aliimba mauaji ya mwanasiasa J.M. Kariuki mwaka 1975, wakati wengi walikuwa wameufyata. Hata hivyo familia yake yenyewe inatoa ushahidi dhidi ya wanaomtumia kufunga mlango. Mjukuu wake, aliyerithi jina la Joseph Kamaru na kujulikana kama KMRU, anafanya muziki usio na maneno kabisa. Katika albamu ya Temporary Stored ya mwaka 2022 alichukua rekodi za Afrika zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, akazigeuza kuwa swali kuhusu nani anazimiliki sauti za watu waliotawaliwa. Babu alisema kwa maneno, mjukuu anasema kwa mvumo. Huyo ni msanii mwingine, mpole ambapo Kanja ni mkali, lakini wote wawili wanakataa wazo kwamba bila mashairi ya kueleweka hakuna hoja.

The Adept si kazi isiyo na dosari. Katikati yake inachosha. Kuna nyimbo ambazo kasi imechukua nafasi ya wazo, na wingi wa wageni wakati mwingine unamfunika mwenye nyumba. Wala hakuna ushahidi kwamba albamu hii iliwasukuma vijana waliojaa barabarani Embu, Meru na miji mingine miezi miwili baadaye, Juni 2024, kupinga Mswada wa Fedha. Wengi wao huenda hawakuwa wameisikia. Walikuwa na sauti zao wenyewe, firimbi na vuvuzela, na serikali ilizijibu kwa risasi. Desemba ya mwaka huo kijana mmoja alitekwa mchana kweupe akiwa kwa kinyozi mjini Embu, akarudishwa Januari 2025. Katika nchi ambayo watu bado wanachukuliwa hivyo, kudai kwamba kilio ni lugha isiyotufaa ni kumwambia kijana huyo na mama yake wasubiri wapate maneno mazuri kwanza.

Ombi basi ni kwa watangazaji wa Muuga FM na Wimwaro FM, na kwa maofisa wa utamaduni wa Meru, Embu, Tharaka-Nithi na Kirinyaga. Usiku mmoja tu, baada ya taarifa ya habari, someni kwa Kimeru na Kiembu yale Griffith-Jones aliyoyaandika kuhusu Mwea, mtaje Karaba na Gathigiriri kwa majina, kisha mpige wimbo mmoja wa The Adept tangu mwanzo hadi mwisho bila kuukata. Fungueni simu. Wazee waliopita katika kambi zile wamebaki wachache, na wao ndio wenye haki ya kwanza ya kusema kama sauti hiyo wanaitambua.